Kichwa cha marumaru kisicho na jina: wanajuaje ni cha nani?

Swali: Vichwa vingi vya Kirumi kwenye makumbusho havina maandishi, na vingine havina hata pua. Wataalamu wanajuaje kwamba huyu ni kaisari Augustus na yule ni kaisari Nero? Wanakisia kwa kutazama sura?

Jibu: Sura peke yake hatuitegemei. Kwanza tunatazama nywele. Sanamu rasmi za kaisari zilinakiliwa kutoka kielelezo kimoja na kusambazwa majimboni, na wachongaji walishika kwa makini mpangilio wa vishungi vya nywele juu ya paji la uso. Itazame sanamu ya Augustus iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863: vishungi viwili vinaachana juu ya paji, na pembeni kidogo vingine viwili vinaelekeana. Mpangilio huohuo unaonekana kwenye vichwa vyake vingine vingi. Jina lenyewe tunalipata kwenye sarafu, ambako uso wa ubavuni umezungukwa na maandishi.

Halafu macho. Zamani mboni zilipakwa rangi tu. Kuzichonga kulienea enzi za kaisari Hadrian, kuanzia miaka ya 130 BK hivi. Kwa hiyo kichwa chenye mboni za kuchongwa hakiwezi kuwa kilichongwa Augustus akiwa hai, maana alikufa zaidi ya karne moja kabla ya hapo.

Panaponivutia zaidi ni kwenye vichwa vilivyochongwa upya. Nero alipokufa mwaka 68, marumaru yake haikutupwa yote. Baadhi ya vichwa vyake viligeuzwa kuwa vya Vespasian, kaisari wa baadaye. Vya kaisari Domitian, aliyeuawa mwaka 96, vingine vikawa vya Nerva, aliyemrithi. Patasi hupunguza jiwe, haiongezi, hivyo uso mpya huwa mdogo kuliko kichwa, na nyuma ya masikio hubaki nywele za mwenye sura ya kwanza.

Ugumu hasa uko kwa watu binafsi. Matajiri waliiga mitindo ya ikulu, na wanawake wengi walisuka nywele kama Faustina, mke wa kaisari Marcus Aurelius. Wengi wao hatutawapa jina kamwe. Hata kichwa kilichotolewa mto Rhône huko Arles, Ufaransa, mwaka 2007, kikatangazwa kuwa cha Julius Caesar, bado kinabishaniwa, kwa sababu wengine hawaoni kinavyolingana na sarafu zake za mwaka 44 KK. Mimi naliheshimu bango lililoandikwa "mwanamume asiyejulikana" kuliko jina kubwa lisilo na ushahidi.

Ukipiga picha ili uulizie, usipige uso tu. Piga ubavuni na kisogoni pia, na uangalie kama pua imeungwa baadaye.