Barabara moja, komini mbili: namna tulivyojifunza kuomba pesa kwa pamoja

Kwa miaka minne nimekuwa mwandishi wa kamati ya wakaaji katika kartye (mtaa) moja ya Lubumbashi, nchini Kongo, ambayo barabara yake kubwa huanzia katika komini yetu (sehemu ya mji yenye utawala wake) na kuishia katika komini ya jirani. Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu wa Likasi, Kolwezi, Bukavu na kwingineko wanaotaka kuomba pesa za kutengeneza barabara za miji yao, kwa sababu miaka miwili ya kwanza sisi tuliipoteza kwa kosa ambalo lingeweza kuepukwa. Tuliomba peke yetu.

Dosie ya kwanza, yaani faili la maombi, tuliiandika kwa haraka na kwa uchungu, baada ya mvua za Januari kuikata barabara katikati hata wagonjwa wakawa wanabebwa mgongoni. Tulipima sehemu yetu tu, tukaandika mita 1,400, tukaipeleka. Hatukujua kwamba wakaaji wa upande wa pili nao walikuwa wamepeleka barua yao, yenye urefu mwingine na jina lingine la barabara ileile, maana kule wazee bado wanaiita kwa jina la zamani. Ofisi iliyopokea barua hizo ilizirudisha zote mbili. Tulikasirika sana siku ile, lakini leo ninakubali kwamba ilikuwa na haki, kwa kuwa hakuna mhandisi anayeweza kuhesabu gharama za nusu ya barabara wakati maji hayajui mpaka wa komini uko wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta pesa, fuateni maji, na myafuate wakati mvua inanyesha au mara tu inapokatika. Sisi tulitoka watu sita, watatu wa kila upande, tukiwa na futi ya mita 50, kijiti tulichokitia alama kila sentimita kumi, na daftari la shule. Tulipofika kwenye karavati, njia ya maji chini ya barabara, lililo mpakani tulikuta mdomo wake umezibwa na mifuko ya plastiki, magunia ya unga na udongo mwekundu ulioshikamana kama tofali. Kijiti kiliingia kidogo tu kikagota. Mama mmoja anayeuza makala (makaa) pembeni alituonyesha alama ya maji kwenye ukuta wa kibanda chake, juu kidogo ya goti, akatuambia: «Mvua yenu ya juu inakuja kulala kwangu, na ninyi wa juu hamjawahi kushuka kuangalia.» Maneno hayo tuliyaandika katika dosie ya pili kama alivyoyasema. Fundi aliyetusaidia alieleza jambo lilelile kwa lugha ya kazi yake: ukitia lami sehemu ya juu bila kuchimba mifereji, zile kanivo zetu, hadi chini kabisa, maji yatashuka kwa kasi kubwa zaidi, yatabomoa nyumba za jirani, kisha yataanza kula lami yenyewe kutoka ukingoni.

Jambo la pili ni kujua barabara ni ya nani. Barabara ya Taifa namba 1, inayotoka Banana ikapita Kinshasa, Kolwezi na Likasi, ikavuka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, iko chini ya shirika la serikali linaloitwa Office des Routes. Barabara za ndani ya mji na mifereji yake ziko mikononi mwa OVD, shirika la serikali la barabara za mji na mifereji. Ukipeleka barua mahali pasipohusika itakaa mezani miezi mingi, na hakuna atakayekuita kukuambia kwamba ulikosea mlango.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe. Watu wengi wa kwetu, wakisikia neno ufadhili, hufikiria moja kwa moja Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hizo, katika mambo ya namna hii, hushughulika na serikali ya nchi, wala si na kamati ya kartye au komini moja. Anzeni na fedha ambazo sheria zetu zimekwisha kuzitaja. Mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya Julai 2008, hupata fedha kutokana na tozo la mafuta ya magari na malipo ya vizuizi vya barabarani, na OVD ni mmoja wa wanaogawiwa fedha hizo. Lakini mfuko huo ni wa matengenezo. Ukiandika kwamba unaomba barabara mpya ya lami, umejifungia mlango mwenyewe. Ukiomba kuzibua karavati, kujaza mashimo na kurudisha changarawe, unazungumza lugha yake. Kwa upande wa ujenzi, Katiba ya mwaka 2006 inataja Sanduku la Taifa la Usawazishaji, linalopaswa kupewa asilimia 10 ya mapato ya taifa kwa ajili ya miradi ya uwekezaji inayopunguza tofauti kati ya majimbo. Mlango huo uko mbali, na mtaupitia mkono kwa mkono na serikali ya jimbo, si peke yenu.

Hapa Katanga, lakini, pesa iliyo karibu zaidi ni ya madini, na ndiyo inayonifanya nisisitize kuomba kwa pamoja. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha, ile redevansi ambayo kampuni hulipa kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au shefferi (eneo la chifu) ambamo uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tazameni hiyo 15. Komini yenye mgodi ndani ya mipaka yake inaipata. Komini iliyo ng'ambo ya mtaro, ambayo malori, vumbi na wafanyakazi wa mgodi huohuo hupita kila siku, haipati kitu katika sehemu hiyo. Katika mji wetu wa komini saba, tofauti hiyo unaiona kwa macho. Tena kuna asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni ya madini inapaswa kuitenga kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi wake, na hapo jamii ya komini ya jirani inaweza kuwa na hoja ikiwa itathibitisha kwamba inaguswa kweli.

Sisi ni komini isiyo na mgodi. Tulipokutana na wenzetu kwa mara ya kwanza, mzee mmoja wa upande wao alituuliza bila kuzunguka: «Kwa nini mrabaha wetu uje kutengeneza barabara yenu?» Ninawashauri msikasirikie swali hilo, kwa sababu ni la haki na litaulizwa tena na wakubwa zaidi yake. Tuliomba wiki mbili. Vijana wetu walikaa mpakani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakahesabu baiskeli za makala, mikokoteni ya unga na akina mama wenye mabeseni ya mboga waliokuwa wakivuka kwenda sokoni kwao. Tulirudi na daftari. Mzee yule alisoma ukurasa baada ya ukurasa, akanyamaza, kisha akasema kwamba soko lao lingekufa njaa bila sisi. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika, ingawa bado ilitubidi kuleta kitu cha kwetu: tulichukua kazi ya kuzibua mifereji ya pande zote mbili, na tukakubali kuhamisha vibanda vilivyojengwa juu ya kanivo. Hilo la vibanda lilituumiza. Tafuteni kwanza mahali pa kuwahamishia wauzaji, mwandike mahali hapo katika mkataba, ndipo muwaombe wabomoe.

Mkataba wenyewe uwe mfupi, utiwe sahihi na maburugumestre (wakuu wa komini) wote wawili, nao utaje mambo ambayo watu huona aibu kuyauliza: nani anatunza akaunti, sahihi ngapi zinahitajika ili pesa itoke, nani atazibua karavati miaka mitano baada ya mafundi kuondoka, na kila upande unatoa nini hata kama ni nguvu za mikono. Barabara iwe na jina moja, urefu mmoja na ramani moja. Washauri wa komini waliochaguliwa Desemba 2023 wapewe nakala mapema, maana mtu aliyeshirikishwa mwanzoni huitetea kazi, na aliyeipata mwishoni huichelewesha. Na msisubiri mvua ndipo muandike: Baraza la Jimbo hujadili bajeti katika kikao kinachoanza Septemba, kwa hiyo dosie iliyofika Novemba, barabara ikiwa tayari imekatika, imekwisha kukosa mwaka mzima.

Dosie yetu ya pamoja tuliipeleka mwezi wa Juni. Karavati la mpakani limejengwa upya, na changarawe imemwagwa kutoka mwanzo wa barabara hadi sokoni. Lami bado, tunaiomba tena mwaka huu kwa mkataba uleule. Nakala yangu yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe yake ninaihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa nimekwisha kuombwa kuionyesha mara tatu, na kila mara ndiyo iliyoturudishia nafasi yetu kwenye orodha.