Kabla Hujanunua Boksi la Tano la Vichwa vya Risasi

Mtutu wangu wa kwanza wa 6.5 Creedmoor, aina ya risasi inayopendwa kwa shabaha za mbali, niliumaliza kwa majaribio. Mtutu wa aina hiyo huanza kuchoka baada ya risasi 2,000 hadi 3,000 hivi, na mimi karibu nusu ya uhai wake niliitumia kubishana na nafsi yangu ninunue vichwa vya kampuni gani vya kujazia risasi zangu mwenyewe: Berger au Hornady? Sierra au Lapua? Kila mwezi boksi jipya. Nilipokuja kupata jibu, koo la mtutu, pale risasi inapoanzia safari, lilikuwa limeshaungua na msimu wa mashindano umekwisha.

Nikuambie nilichotamani kuambiwa siku ile ya kwanza. Kwa shabaha ya mita 1,000, vichwa vya mashindano vinavyotajwa kila siku vinakaribiana kuliko matangazo yanavyodai. Usihangaike na kilicho bora duniani. Tafuta ambacho mtutu wako unakikubali na ambacho utakipata tena mwakani, kisha hela na muda uliobaki upeleke kwenye kusoma upepo.

Chukua namba ya balistiki, yaani kipimo cha jinsi kichwa kinavyopasua hewa. Vichwa vya 6.5 vyenye uzito wa greni 140 hivi (kama gramu 9), kwa kipimo cha G7, kilichotokana na umbo refu lenye mkia uliochongoka, hukaa takriban kati ya 0.29 na 0.33. (Ukiona boksi limeandikwa 0.6 na kitu, hiyo ni G1, kipimo kilichotokana na umbo fupi lenye kitako bapa. Wengi huziweka G1 na G7 kwenye mizani moja, wanaibiwa mchana kweupe.) Sasa piga hesabu. Upepo wa ubavuni wa mita 1 kwa sekunde husukuma kichwa cha namna hii karibu nusu mita kikifika mita 1,000. Ukihama kutoka 0.31 kwenda 0.33, unaokoa sentimita tatu au nne za hiyo nusu mita. Nani kati yetu anakadiria upepo bila kukosea hata mita 1 kwa sekunde? Mimi simo.

Tofauti ya kweli iko kwenye umbo. Sierra MatchKing nyingi zina pua yenye mkunjo mpole, na hazinuni hata ukizikalisha mbali kidogo na mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayozungusha kichwa. VLD za Berger, vichwa vilivyochongwa vipunguze sana ukinzani wa hewa, ni jamii nyingine: pua ndefu, mkunjo unaoanza kwa kona, na zinadeka. Ukibadilisha kidogo tu kina cha kuketisha kichwa ndani ya ganda, kundi, yaani matundu ya risasi kwenye karatasi, linafumuka. Hybrid ya Berger ilichanganya mikunjo hiyo miwili ili kupunguza deko hilo, na kwa mtu asiye na subira kama mimi, ndiyo ningeanza nayo. Scenar, kichwa cha mashindano cha Lapua, sina la kuilalamikia ila kwamba huwa naiona dukani pale tu nisipoihitaji.

ELD Match ya Hornady ina ncha ya plastiki. Hawa walifuatilia vichwa hewani kwa rada wakagundua kwamba ncha za zamani zililainika kwa joto la mwendo, wakabadilisha plastiki yenyewe. Faida yake utaiona kwa macho: ncha zote zinafanana. Mimina mezani vichwa vya ncha wazi, uviangalie kwa lenzi. Midomo yake ina vijino, huyu mrefu, yule mfupi. Ndiyo maana ukipima urefu kuanzia nchani, kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu, inakupa majibu tofauti kila mara. Pimia begani, mahali kichwa kinapogusa mifuo. Hapo ndipo panapohusu bunduki.

Kuna kosa moja ambalo hakuna mtutu utakaokuokoa nalo. Nilipokuwa na bunduki ya .308 nilijazia vichwa vya greni 168, vya muundo ule wa zamani wenye mkia uliochongoka kwa digrii 13. Mita 300, raha tupu. Nilipovipeleka mita 900, baadhi ya matundu kwenye karatasi yalikuwa na umbo la yai. Muundo ule ulibuniwa kwa mita 300; kasi ikishuka kukaribia ya sauti, kichwa kinaanza kuyumba. Wa greni 175, wenye mkia wa digrii 9, unavuka eneo hilo kwa utulivu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha majina, uliza kichwa hiki kilitengenezwa kwa umbali gani, na msokoto wa mtutu wako, yaani jinsi mifuo inavyojizungusha, unatosha urefu wake?

Sasa majaribio yenyewe. Kundi la risasi tatu ni bahati ya mtende. Bunduki ileile, mkono uleule, kundi la risasi kumi kwa wastani litakuwa kubwa kuliko la tatu kwa zaidi ya nusu. Mimi nilikuwa napiga tatu, naona zimegusana, napiga picha, natangaza mshindi. Wiki ijayo mshindi anakuwa wa mwisho. Siku hizi napiga ishirini kwa kila kichwa, tano tano, mtutu ukipoa katikati, na kipimakasi kikiwa kimewashwa. Kasi nayo ina neno lake: mita 3 kwa sekunde zikipungua, risasi inashuka sentimita saba au nane zaidi huko mita 1,000. Ukibadilisha kichwa, rudi kwenye kiwango cha chini cha baruti cha kitabu uanze kupanda taratibu, hata kama uzito ni uleule.

Kwenye mtutu wa pili nilijaribu vichwa viwili tu. Kilichoshinda nilinunua elfu moja vya bachi moja, na kila nikifungua boksi napima kumi begani kabla ya kugusa baruti. Jaribio lote, pamoja na kule kupanda baruti taratibu, lilikula risasi themanini.