Anasema "mmm" badala ya "em": je, mwanangu anafundishwa kusoma kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la kwanza, shule ya serikali hapa Tanzania. Sisi tulianza na a, be, che, de, ndipo tukaja kwenye ba, be, bi, bo, bu. Yeye anarudi nyumbani akivuma "mmm" na "sss", na nikimuuliza herufi hii inaitwaje, hajui. Lakini kitabu chake anakisoma ukurasa mzima bila kusita, hata nikiyafunika maneno kwa mkono. Nimeanza kumfundisha a, be, che mwenyewe, mwalimu wake amenikataza. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, mama. Kuhusu hiyo "mmm", mwalimu wake ana haki. Kilichonishtua mimi ni huo mkono wako juu ya maneno.

Tangu 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipojikita kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mtoto huanza na sauti ya herufi. Majina yatakuja baadaye, wala hayana haraka. Mpe mtoto "em-a-em-a" aunganishe. Inabidi kwanza aiondoe ile "e" ya "em" ndipo apate "mama". Tulifaulu kwa njia hiyo, ndiyo, ila wenzetu wengi walibaki nyuma na hatukuwa tukiwahesabu. Na Kiswahili kimetupunguzia kazi: a ni a popote utakapoikuta. Anayejua sauti na kuziunganisha husoma hata neno asilowahi kulisikia.

Sasa huo ukurasa. Anayesoma maneno yaliyofunikwa hasomi, amekariri. Si ujanja wake. Darasa likiwa limejaa, kitabu kimoja kinagombewa na watoto kadhaa, wote wanaitikia kwa pamoja, mwenye sikio zuri hushika hadithi yote na picha zikamsaidia palipobaki. Mpime hivi: kama ukurasa una "mama", "kaka" na "meza", chukua herufi hizohizo uandike kwenye karatasi "makaa", "zama", na neno lisilo na maana, tuseme "kezama". Usimsomee. Akilisoma "kezama", hata kwa kujikongoja, lala usingizi. Akikutazama usoni akisubiri umwanzishie, bado yuko kwenye kukariri.

Hapo ndipo ba, be, bi, bo, bu yako inapofaa, na sidhani mwalimu atakukatalia hiyo. "Mmm" na "sss" unaweza kuzivuta, lakini b, k na t huwezi kuzitamka vizuri bila irabu. Ukijaribu unapata "bu" au "ki". Kwa hiyo sauti peke yake ni hatua fupi, silabi zifuate upesi. Kama muhula unaisha na darasa bado linataja sauti mojamoja, hilo ndilo la kumuuliza mwalimu, tena kwa upole.

Mwombe pia akuonyeshe herufi walizofikia, nawe ufanyie kazi hizo tu. Dakika kumi jioni zinatosha: kidole chini ya neno, picha imefunikwa, kisha umuulize alichosoma kinahusu nini, maana Kiswahili kinaweza kusomwa vizuri sana na mtu asiyeelewa kitu. Atakwama kwenye "mtu" na "mti", ambako m ni silabi inayojitegemea, baada ya kuzoea "mbuzi" ambako imeungana na b. Pigeni makofi kwa kila silabi: m-tu mawili, mbu-zi mawili. Atakwama tena kwenye "ng'ombe" na "ngoma", na kwenye dh na th kama lugha yenu ya nyumbani haina sauti hizo. Msahihishe kwa kulitamka neno vizuri, basi, mwendelee na sentensi.