Yasome Madaftari Yote kwa Pamoja

Nimefundisha darasa la nne na la tano kwa miaka mingi, na wazazi wengi wanaokuja kuniona huwa na malalamiko ya somo moja: mtoto hawezi hisabati, au sayansi haimwingii. Ushauri wangu huwa ni ule ule. Kabla hujamtafutia masomo ya ziada, kusanya madaftari yake yote ya wiki hiyo, yaweke mezani, myasome pamoja. Katika umri huu masomo huanza kukopeshana, na deni la somo moja mara nyingi hudaiwa kwenye somo jingine.

Anza na hesabu za sehemu, maana ndizo zinazosumbua kuliko yote. Mpe mtoto 1/2 + 1/3, na asipokuwa ameelewa atakuandikia 2/5: kajumlisha za juu, kajumlisha za chini. Usikimbilie kumwambia atafute KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote za chini). Muulize kwanza, 2/5 na 1/2 ipi kubwa? Atagundua kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kisha kata vipande viwili vya karatasi vyenye urefu sawa. Kimoja akikunje kipate sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu sawa, na aone kuwa mikunjo hailingani, kwa hiyo haihesabiki pamoja. Vyote vikigawanywa katika sita, nusu inakuwa tatu na theluthi inakuwa mbili. Jibu ni 5/6, na amelipata kwa macho yake. Hapo ndipo KDS inapomwingia.

Sasa fungua daftari la jiografia. Skeli ya 1:50,000 ina maana sentimita 2 za ramani ni kilomita 1 ardhini. Mtoto akikosa hapo tunasema hajui ramani, kumbe kilichomkwamisha ni uwiano na kubadili vipimo. Ni vivyo hivyo kwenye saa na longitudo: Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Kinachohitajika hapo ni kugawanya tu. (Ndiyo maana bado nasisitiza tebo zikaririwe mpaka ya 12. Mtoto anayehesabu vidole hapati nafasi ya kufikiri.)

Kwenye sayansi, shida kubwa ninayoiona ni watoto wanaojua kutaja bila kujua kueleza. Atakutajia mvuke, mawingu na mvua bila kukosea, lakini muulize kwa nini glasi ya maji baridi hutoka matone upande wa nje, atakwambia inavuja. Msibishane. Tia rangi kwenye maji, ongeza barafu, subirini. Matone ya nje hayatakuwa na rangi, kwa hiyo hayakutoka ndani ya glasi. Ni mvuke uliokuwa hewani, umepoa kwa kugusa glasi baridi ukageuka maji. Sasa mwambie aandike sentensi tatu: nimeona nini, kwa nini imetokea, nimejuaje. Napenda sana zoezi hili, kwa sababu atakuwa amefanya sayansi na amejifunza kujenga hoja, na aya yake ya insha ya wiki ijayo itakuwa na mfupa.

Mafumbo ya hesabu nayo ni ufahamu kabla ya kuwa hesabu. Asiguse penseli mpaka akusimulie swali kwa maneno yake: tumepewa nini, tunatafuta nini. Akishindwa kusimulia, mrudishe kwenye kusoma kwa sauti, hata hadithi fupi tu, kila jioni. Maswali kumi zaidi ya kujumlisha hayatamsaidia hapo.

Na ukienda kuonana na mwalimu, usiishie kuuliza amepata ngapi. Uliza wiki ijayo watasoma mada gani katika kila somo. Mwalimu akikwambia desimali kwenye hisabati na vipimo kwenye sayansi, tafuta rula nyumbani na mpime meza, mlango na daftari lenyewe, kwa mita na kwa sentimita, kabla Jumatatu haijafika.