Jibu: Nimepandishwa cheo, wenzangu wa zamani wanaitikia tu

Salaam ndugu. Umesema tangu uwe msimamizi, wenzako wa jana wanaitikia "sawa" kisha kazi haifanyiki. Yalinikuta pia.

Kwanza angalia unavyotoa maagizo. Mimi nilikuwa nasema "fanyeni mapema", kila mtu anaelewa lake. Nikaanza kumwita mmoja mmoja: kazi hii ni yako, naihitaji Alhamisi saa nne, kuna kinachokukwamisha? Halafu nanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulinisumbua zaidi, maana nilizoea kuuliza na kujijibu mwenyewe.

Ukikosea, kiri mbele yao siku hiyo hiyo. Niliwahi kuficha kosa langu la ratiba, imani yao ikachukua miezi kurudi. Kumkosoa mtu, faraghani tu.

Timu ya watu wasioonana ana kwa ana sijawahi kuisimamia, kwa hiyo kama yako ni ya hivyo, sijui kama haya yatafaa.