Mwajiri kaandika "ameacha kazi mwenyewe": cha kufanya

Ndugu, kama ulipunguzwa kazini na mwajiri akaandika kwamba umeacha kwa hiari, si ajabu faili lako la mafao ya kukosa ajira limekwama. Mafao haya hutegemea sana sababu ya kuondoka, na maelezo yako na ya mwajiri yakipingana, ofisa wa mafao hawezi kuamua hapo hapo. Kupigia ofisi ya mafao simu kila asubuhi hakutasaidia (watakurusha dawati hili hadi lile). Peleka ushahidi: barua ya kuachishwa, hati za mshahara za mwisho, hata ujumbe wa bosi akikuambia usirudi. Wape nakala, karatasi halisi baki nazo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Hapo hakuna wa kukwambia "hatujaona kitu".

Wakikataa, dai uamuzi kwa maandishi. Humo ndimo utakuta sababu na muda wa kukata rufaa, na muda wenyewe huwa mfupi. Halafu hili wengi hulipuuza: rufaa ikiendelea, usiache kuripoti kwenye ofisi ya mafao na kutafuta kazi kama kanuni zinavyotaka. Ukiacha, unaweza kushinda rufaa na bado ukakosa malipo ya wiki ulizonyamaza.