Maswali na Majibu: Atomi Ngapi, na Ngapi za Nini?

Gramu 10 za shaba zina atomi ngapi?

Gawanya 10 kwa 63.55, ambayo ni tungamo la moli moja ya shaba kwa gramu, upate moli 0.157, kisha zidisha kwa 6.022 × 10²³, yaani namba ya Avogadro, ambayo ni idadi ya chembe katika moli moja. Jibu ni atomi 9.48 × 10²². Naomba swali hili lisinirudie likiwa limevaa chuma, zinki au fedha, kwa kuwa kinachobadilika ni namba moja tu inayosomwa kwenye jedwali la elementi.

Nami nimekokotoa hiyo ya shaba, nikapata 2.6 × 10⁻²⁵. Nimekosea wapi?

Umegawanya mahali pa kuzidisha. Kosa hilo humpata kila mtu. Linalonikera ni kwamba uliliona jibu linalodai kuwa kipande cha shaba chenye gramu 10 hakina hata atomi moja nzima, na bado ukalipigia mstari.

Kwa gramu 18 za maji mimi nimepata 6.022 × 10²³, mwenzangu amepata 1.81 × 10²⁴. Nani yuko sahihi?

Nyote mko sahihi, na nyote mmeandika vibaya. Wewe umehesabu molekuli, mwenzako amehesabu atomi, na kwa kuwa kila molekuli ya maji ina atomi tatu, jibu lake ni mara tatu ya lako. Kama kila mmoja angeandika jina la kitu anachokihesabu mbele ya namba yake, ugomvi usingezuka. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye gesi ya oksijeni: gramu 16 za gesi hiyo ni nusu moli ya molekuli, lakini ni moli nzima ya atomi. Mtungaji wa mtihani anayeuliza „chembe ngapi” bila kusema chembe zipi ana lawama kuliko mtahiniwa anayekosea.

Atomi ya risasi ni nzito kuliko ya dhahabu. Mbona densiti ya dhahabu ndiyo kubwa?

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, maana linafichua dhana potofu ambayo wengi hubaki nayo hata baada ya kufaulu mitihani, kwamba densiti husomwa moja kwa moja kutoka kwenye tungamo la atomi. Densiti hutegemea mambo mawili kwa pamoja, yaani tungamo la kila atomi na idadi ya atomi zilizoenea katika ujazo uliotajwa. Moli ya risasi ina gramu 207.2 na ya dhahabu gramu 197.0, kwa hiyo katika jambo la kwanza risasi inaongoza kidogo. Sasa tazama la pili. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, ambazo ni atomi 5.90 × 10²². Ya risasi ina gramu 11.34, ambazo ni atomi 3.30 × 10²² tu. Metali zote mbili hupanga atomi zake kwa mtindo uleule, ila katika dhahabu umbali kati ya kitovu cha atomi moja na cha jirani yake ni pikomita 288, na katika risasi ni pikomita 350. Pengo hilo linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba ujazo hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Anayetaka ushahidi zaidi alinganishe almasi na grafiti: atomi ni za kaboni kotekote, lakini densiti ya almasi ni gramu 3.51 kwa sentimita ya ujazo na ya grafiti ni takriban 2.2.

Nimepewa mchemraba wa alumini wenye upande wa sentimita 2, pamoja na densiti. Tungamo sikupewa.

Umepewa, ila hukuliona. Ujazo ni sentimita 8 za ujazo. Zidisha kwa densiti ya 2.70 upate gramu 21.6, sawa na moli 0.801, yaani atomi 4.82 × 10²³. Angalia tu densiti isije ikawa imeandikwa kilogramu 2,700 kwa mita ya ujazo, kwani ukiizidisha hiyo kwa 8 utapata 21,600 isiyokuwa gramu wala kilogramu za kitu chochote.

Maji yakiganda, atomi hupungua?

Hapana. Tungamo na atomi hubaki vilevile. Ujazo ndio huongezeka, na densiti hushuka kutoka 1.00 hadi 0.917.

Kitabu changu kinasema moli ni idadi ya atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Kimekosea?

Kimepitwa na wakati. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, bila kutegemea kaboni, ingawa kwa hesabu zako tofauti haionekani. Avogadro mwenyewe, aliyefariki mwaka 1856, hakuwahi kuijua namba hii. Mwanafizikia Jean Perrin ndiye aliyeipa jina la Avogadro mwaka 1909. Njia mojawapo iliyotumika kuipima kwa usahihi ilikuwa tufe la silikoni-28 la karibu kilogramu moja: ujazo wa tufe uligawanywa kwa ujazo wa chumba kimoja cha fuwele, yaani kipande kidogo kinachojirudia katika mpangilio wa atomi, kisha jibu likazidishwa kwa 8, kwa sababu kila chumba kina atomi nane za silikoni; hiyo ndiyo idadi ya atomi za tufe, nayo ikagawanywa kwa idadi ya moli zake.